Vigawe, Chenji na Mbalamwezi

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, hutamsikia mchuuzi akitaja bei ya fungu la dagaa kuwa shilingi 1,275. Atasema elfu moja na mia mbili, au mia tatu, na kama ni mtu wa kubana sana atasema 1,250. Hakuna sheria ya soko inayomkataza kutaja 1,275. Kinachomzuia ni sarafu. Ndogo kuliko zote inayopita mikononi siku hizi ni ya shilingi 50, kisha zinafuata za 100, 200 na 500, halafu noti za 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000. Za 20 na 10 zilishapotea kwenye droo za maduka. Zichanganye utakavyo, lipa, rudishiwa chenji, ongeza, punguza: 1,275 haitimii. Kila kiasi kitaangukia kwenye 50, 100, 150, 200, 250 na kuendelea. (Kwenye simu mambo ni mengine, makato huko huja na shilingi yoyote ile, ila hapa tunazungumzia fedha ya mkononi.)

Orodha hiyo inayoanza na 50 ndiyo vigawe vya 50. Na sababu ya 1,275 kutopatikana ni fupi, mtu anaielewa kwa dakika chache, lakini ndiyo hiyohiyo iliyojificha nyuma ya nusu ya sheria za hesabu ambazo mtoto wa shule ya msingi analazimika kuzikariri moja baada ya nyingine: sheria ya 3, sheria ya 9, sheria ya 4, KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika), KKS (Kigawo Kikubwa cha Shirika). Anakariri mambo kumi, kumbe ni jambo moja limevaa nguo kumi.

Tuanze na maana. Kigawe cha namba ni kile unachopata ukiizidisha namba hiyo kwa namba nzima: mara 0, mara 1, mara 2, mara 3. Vigawe vya 7 ni 0, 7, 14, 21, 28, 35 na kuendelea bila kikomo. Njia ya pili ya kusema hivyohivyo ni kwamba ukigawanya kwa 7, baki ni sifuri. Hakuna namba iliyo "kigawe" tu. Lazima iwe kigawe cha kitu fulani, kama ambavyo hakuna mtu aliye shemeji tu bila kuwa shemeji wa fulani. Ukiulizwa kama 36 ni kigawe, nawe uliza: cha ngapi? Cha 9, ndiyo. Cha 8, hapana.

Hapo ndipo vigawe na vigawo vinapowachanganya watoto, na wazazi wao pia wakati wa kusaidia kazi ya nyumbani. 28 ni kigawe cha 7, na 7 ni kigawo cha 28. Ni sentensi moja inayosomwa kutoka pande mbili. Tofauti inayosaidia zaidi ni ya wingi: vigawo vya 28 vinahesabika na vinaisha, navyo ni 1, 2, 4, 7, 14 na 28. Vigawe vya 28 haviishi. Mtoto akikuletea orodha ya "vigawe vyote vya 12" iliyoishia kwenye 12, ujue ameandika vigawo.

Na sifuri? Vitabu vingi huanza orodha na namba yenyewe, na mwalimu akiulizwa kuhusu sifuri huona anacheleweshwa. Lakini 7 mara 0 ni 0, na 0 ukigawanya kwa 7 hakibaki kitu, kwa hiyo sifuri ni kigawe cha kila namba. Kuiacha nje kunavuruga mambo baadaye, maana ukitoa 21 kwenye 21 lazima upate mahali pa kusimama. Tunaiweka pembeni tunapotafuta kigawe kidogo kuliko vyote, kwa kuwa jibu lingekuwa sifuri kila mara na swali lisingekuwa na maana.

Sasa jambo lenyewe. Chukua mayai, ambayo huuzwa kwa trei ya mayai 30. Ukiwa na trei 4 na mwenzako ana trei 3, mkiyaweka pamoja mna trei 7. Hakuna yai lililopasuka hesabuni na hakuna trei pungufu: 120 na 90 ni 210, nayo ni 30 mara 7. Ukimpunguzia mtu trei 2 kati ya hizo, zinabaki 5 zilizojaa. Yaani ukijumlisha vigawe viwili vya namba moja unapata kigawe cha namba hiyohiyo, na ukitoa kimoja kwenye kingine, vilevile. Ni jepesi kiasi kwamba mtu anaweza kulipuuza.

Lina mkia wake, na mkia ndio wenye sumu: ukijumlisha kigawe na kitu kisicho kigawe, jibu haliwezi kuwa kigawe. Trei 4 zilizojaa na mayai 11 ya mkononi hayafanyi trei kamili, hata zile trei 4 zingekuwa 400. Kama jumla ingekuwa kigawe, tungetoa zile trei zilizojaa na yale mayai 11 yangelazimika kuwa kigawe cha 30, na siyo.

Rudi kwenye 1,275. Ni 1,250 na 25. Ya kwanza ni kigawe cha 50, ya pili siyo, basi kwisha. Hukugawanya chochote. Ndivyo mtu mzoefu anavyopima namba kubwa kichwani: anaimega sehemu anayoijua, anaangalia kilichobaki. Je, 3,549 ni kigawe cha 7? Ondoa 3,500, ambayo ni 7 mara 500, inabaki 49. Ndiyo. Na 3,560? Ondoa 3,500, inabaki 60, ambayo si ya 7. Hapana. Siyo lazima ufanye mgawanyo mrefu wa karatasi nzima.

Konda wa daladala anaiishi kanuni hii asubuhi hadi usiku. Tuseme gari linatoka Nyegezi kuelekea mjini, konda amebaki na sarafu za mia mbili mbili tu, na abiria ana jero tupu.

"Mama, nauli sita, nipe elfu nikurudishie mia nne."

"Chukua jero mbili, kaka."

Amepokea 1,000, ametoa mia mbili mara mbili, 600 imetimia. Je, kwa jero na mia mbili pekee, ukiruhusu chenji, ni viasi gani vinavyolipika? 300 inalipika: toa 500, rudishiwa 200. Hata 100 inalipika, ingawa hakuna mwenye sarafu ya mia: toa 500, rudishiwa 200 mara mbili. Na 100 ikishapatikana, kila kigawe cha 100 kinapatikana kwa kurudia. Lakini 50 haipatikani kamwe, hata mkibadilishana sarafu mpaka mjini, kwa sababu 500 na 200 zote ni vigawe vya 100, na kujumlisha na kutoa vigawe vya 100 hakukutoi nje ya vigawe vya 100. Abiria anayedai hamsini yake hapo atashuka nayo moyoni.

Hiyo 100 ndiyo inayoitwa Kigawo Kikubwa cha Shirika cha 500 na 200, ile KKS ya shuleni. Shuleni huja kama zoezi la kupanga vigawo katika safu mbili na kuzungushia duara kile kikubwa kilichopo kote kuwili. Kwa namba ndogo njia hiyo inatosha. Kwa namba kubwa, Euclid, aliyefanya kazi Aleksandria ya Misri yapata mwaka 300 KK, aliandika njia inayotegemea kutoa tu, na bado ndiyo inayotumika ndani ya kompyuta, kwa kugawanya na kutazama baki badala ya kutoa mara nyingi. Chukua 84 na 36. Toa ndogo kwenye kubwa: 84 kutoa 36 ni 48. Sasa una 48 na 36. Toa tena: 12. Sasa una 36 na 12, na 36 ni kigawe cha 12. Umefika, jibu ni 12. Inafanya kazi kwa sababu ileile ya trei za mayai: kitu chochote kinachogawa 84 na 36 bila baki kinagawa pia tofauti yao, kwa hiyo katika kutoa kote huko kigawo cha shirika hakipotei.

Zile sheria za tarakimu nazo ziko humohumo. Namba ni kigawe cha 5 ikiishia na 0 au 5. Kwa nini? Kwa sababu makumi, mamia na maelfu yote ni vigawe vya 5 tayari, hivyo kesi yote inabaki kwenye mamoja. Kwa 2 na 10 ni hivyohivyo. Kwa 4, kumi haitoshi, maana 10 si kigawe cha 4, lakini 100 ni kigawe cha 4, basi unatazama tarakimu mbili za mwisho: 7,316 unaangalia 16 tu. Kwa 8 unatazama tatu za mwisho, kwa kuwa 1,000 ni 8 mara 125.

Sheria ya 3 na ya 9 ndiyo inayoonekana kama uganga. "Jumlisha tarakimu; jumla ikiwa kigawe cha 9, namba nzima ni kigawe cha 9." Mtoto akiuliza kwa nini, mara nyingi anaambiwa ndivyo ilivyo. Hebu tuifungue 4,752. Elfu moja ni 999 na 1. Mia ni 99 na 1. Kumi ni 9 na 1. Kwa hiyo elfu 4 ni 999 mara 4 na zinabaki 4 mkononi. Mia 7 ni 99 mara 7 na zinabaki 7. Makumi 5 ni 9 mara 5 na zinabaki 5. Mamoja ni 2. Zile 999, 99 na 9 zote ni vigawe vya 9, ziweke pembeni, haziwezi kubadilisha jibu. Kilichobaki mkononi ni 4, 7, 5 na 2, yaani zile tarakimu zenyewe. Jumla yake ni 18, kigawe cha 9. Basi 4,752 ni kigawe cha 9, na ukihakiki utakuta 9 mara 528. Kwa kuwa 999, 99 na 9 ni vigawe vya 3 pia, sheria hiyohiyo inafanya kazi kwa 3.

Kwa 7 hakuna njia fupi ya namna hiyo iliyo nzuri. Zipo zinazofundishwa, lakini kuzikumbuka ni kazi kuliko kugawanya. Mega tu sehemu unazozijua.

Sasa weka sarafu na sheria ya 3 pamoja. Wavuvi watatu wa mtumbwi mmoja wanagawana mapato sawa kwa sawa, fedha taslimu, bila mtu kudai chenji. Je, 10,000 inagawika? Tarakimu zake zina jumla ya 1. Haigawiki. 10,200? Jumla ni 3, kila mmoja 3,400. Sawa. Na 10,125? Jumla ni 9, kwa hiyo ni kigawe cha 3, kila mmoja 3,375, ila 3,375 haipo mkononi mwa mtu yeyote Mwanza! Sheria ya 3 peke yake haitoshi hapa. Kila mmoja lazima apate kigawe cha 50, kwa hiyo jumla lazima iwe kigawe cha 50 mara 3, yaani 150. Watatu wanaweza kugawana 150, 300, 450, 10,050, 10,200, 47,250, lakini si 10,100. Wakiwa wanne, kiasi kiwe kigawe cha 200. Wakiwa saba, cha 350, na hapo ndipo mmoja huambiwa "wewe tutakupa dagaa wa kula".

Kuna mtego unaowanasa hata wanaojiamini. Namba ikiwa kigawe cha 2 na cha 3, ni kigawe cha 6. Kweli. Basi mtu anasema: ikiwa kigawe cha 4 na cha 6, ni kigawe cha 24. Si kweli. 12 ni kigawe cha 4, ni kigawe cha 6, na haijafika hata 24. Tatizo ni kwamba 4 na 6 zote mbili zina 2 ndani, na ukizizidisha unaihesabu 2 hiyo mara mbili. Kinachotakiwa si kuzidisha tu bali kutafuta Kigawe Kidogo cha Shirika, KDS, na kwa 4 na 6 ni 12.

KDS hufundishwa kwa ule mstari wa kugawanya: namba mbili zinaandikwa bega kwa bega, kushoto unaweka 2, unagawanya, unaweka tena 2, kisha 3, kisha 5, mpaka zote ziwe 1, halafu unazidisha safu ya kushoto. Wengi wanaifanya vizuri sana mtihanini na hawajui wamepata nini. Kwa hiyo tuseme kamati ya mahafali ya darasa la saba inataka kila mtoto apate soda moja na yai moja la kuchemsha, na wanataka wanunue trei zilizojaa na kreti zilizojaa tu bila kubaki kitu. Kreti ya soda ina chupa 24. Trei ina mayai 30. Watoto wangapi?

Vigawe vya 24: 24, 48, 72, 96, 120, 144. Vigawe vya 30: 30, 60, 90, 120. Vinakutana kwenye 120, kreti 5 na trei 4. Ule mstari wa kugawanya unafanya hesabu hiyo kwa kutazama namba zimejengwa na nini. 24 ni 2 mara 2 mara 2 mara 3. 30 ni 2 mara 3 mara 5. Namba inayotakiwa lazima iwe na 2 tatu ndani yake ili 24 itosheke, na 3 moja, na 5 moja ili 30 itosheke. Usiongeze hata moja zaidi: 8 mara 3 mara 5 ni 120.

Wakiwa watoto 300 je? Mtu anaweza kudhani kwamba namba kubwa kiasi hicho itakubali tu. Toa 120 mara mbili, inabaki 60. Kama 300 ingekuwa kigawe cha shirika cha 24 na 30, basi 60 nayo ingekuwa, kwa sababu kutoa hakukutoi nje ya vigawe. Lakini 60 ni ndogo kuliko 120, na 120 ndiyo ndogo kuliko zote. Haiwezekani. Kwa hiyo 300 haikubali, na vigawe vya shirika vya 24 na 30 ni vigawe vya 120 tu: 120, 240, 360, na hakuna kingine kilichojificha katikati. Watoto 300 watakula mayai yao, trei 10 kamili, lakini kreti ya 13 itabaki na chupa 12, na kamati inajua zitakwenda wapi.

Ukizidisha KKS na KDS za namba mbili unapata zao la namba zenyewe: KKS ya 24 na 30 ni 6, na 6 mara 120 ni 720, sawasawa na 24 mara 30. Kwa namba mbili tu. Zikiwa tatu, usiijaribu.

Mpaka hapa vigawe vyote vimeanzia sifuri. Maswali ya mtihani huficha sharti hilo kwenye sentensi moja fupi: "kengele mbili zilipigwa pamoja saa 2 asubuhi." Watoto huiruka sentensi hiyo na kukimbilia KDS, na mara nyingi hawaadhibiwi kwa kuiruka. Nje ya mtihani, sentensi hiyo ndiyo kila kitu.

Chukua miaka. Uchaguzi mkuu wa Tanzania umekuwa ukifanyika kwenye miaka iliyo vigawe vya 5: 1995, 2000, 2005, mpaka 2025. Mwaka mrefu, wenye Februari ya siku 29, huja kwenye vigawe vya 4: 2016, 2020, 2024. Vyote vinaanzia sifuri, kwa hiyo vinakutana kwenye vigawe vya 20, KDS ya 4 na 5: 2000, 2020, kisha 2040. (Mwaka 2100 utavunja mfululizo huo, kwani katika kalenda iliyorekebishwa mwaka 1582, kigawe cha 100 hakiwi mwaka mrefu isipokuwa kiwe pia kigawe cha 400. Ndiyo maana 1900 haukuwa mrefu na 2000 ulikuwa.)

Kombe la Dunia nalo huja kila miaka 4: 2010, 2014, 2018, 2022. Hatua ni zilezile nne, lakini hakuna hata mwaka mmoja hapo ulio kigawe cha 4. Ukigawanya kila mmoja kwa 4 inabaki 2. Kwa hiyo Kombe la Dunia na mwaka mrefu havitakutana kamwe kwa mpangilio huu, hata tungesubiri miaka elfu. Kukutana kungetaka kigawe cha 4 kiwe sawa na kigawe cha 4 ukiongeza 2, na hilo tumeshaliona kwenye mayai 11 ya mkononi. Na Kombe la Dunia na uchaguzi wetu? Hivyo vinakutana, kwa sababu 4 na 5 hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1: ilikuwa 1990, ikawa 2010, na itakuwa 2030. Umbali kati ya kukutana na kukutana bado ni 20, KDS ileile, ila mahali pa kukutania pamesogea. KDS hukuambia vitu vitakutana kila baada ya muda gani vikishakutana mara moja. Kama vinakutana au la, iulize baki.

Na baki ina hesabu yake. Gunia la mahindi kwa kipimo cha sokoni ni debe 6. Debe 40 ni magunia 6 na baki debe 4. Debe 45 ni magunia 7 na baki 3. Ukitaka kujua baki ya zote pamoja huna haja ya kuhesabu upya: 4 na 3 ni 7, toa gunia moja, inabaki 1. Kweli, 85 ni 84 na 1. Ile lumbesa inayopigwa marufuku kila mara na kurudi kila msimu ni baki iliyoshonewa juu ya gunia, mkulima anatoa debe 7 au 8 na kulipwa za 6. Sijui hesabu nyingine ya baki inayowagharimu watu fedha nyingi kama hiyo.

Vigawe pia hutumika kwa kufuta. Eratosthenes, mzaliwa wa Kirene katika Libya ya leo, aliyesimamia maktaba ya Aleksandria katika karne ya tatu KK, anatajwa kwa chekeche la namba: andika 1 mpaka 100, futa 1, kisha futa vigawe vya 2 ukiiacha 2 yenyewe, vya 3 ukiiacha 3, vya 5, vya 7. Simama hapo. Zinabaki namba 25, nazo ndizo namba tasa zote (zenye vigawo viwili tu, 1 na zenyewe) zilizo chini ya 100. Hakuna haja ya kufuta vigawe vya 11, kwa sababu cha kwanza ambacho hakijafutwa na wengine ni 11 mara 11, yaani 121, na hicho kiko nje ya ukurasa.

Kuna mzunguko mmoja hapa ziwani unaokataa namba nzima. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa. Zamani karabai, sasa nyingi za sola. Mbalamwezi ikiwa kali, mwanga wa taa haumkusanyi dagaa, na mitumbwi mingi hupumzika mpaka mwezi upungue. Kwa hiyo mwaloni una kalenda yake, na kalenda hiyo ni ya mwezi: kutoka mwezi mpevu hadi mwezi mpevu ni siku 29 na nusu, ukitaka kwa undani ni kama 29.53. Miezi 12 ya namna hiyo ni siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka kwa siku kama 11, na ndiyo maana mvuvi hawezi kusema "kila tarehe 15 tunapumzika".

Je, mwezi na jua vina kigawe cha shirika? Kwa ukali wa maana ya neno, hapana, kwa sababu si namba nzima. Lakini kuna mahali vinakaribiana sana. Meton, mtu wa Athens, alikitangaza kipindi hicho mwaka 432 KK: miaka 19. Miaka 19 ya jua ni siku 6,939.60. Miezi 235 ya mbalamwezi ni siku 6,939.69. Tofauti ni saa mbili na dakika chache. Kwa sababu 19 mara 12 ni 228, inabaki miezi 7 ya kuongezea ndani ya miaka 19, na kalenda ya Wayahudi inafanya hivyohivyo mpaka leo: miaka 7 kati ya kila 19 ina miezi 13.

Mwezi ulikuwa mpevu Januari 31, 1999. Ulikuwa mpevu tena Januari 31, 2018. Ongeza 19 nyingine, ni Januari 31, 2037. Tarehe nyingine huteleza kwa siku moja, kulingana na miaka mirefu iliyoangukia katikati kuwa minne au mitano. Zile saa mbili nazo zinalimbikizana: baada ya mizunguko 11 na nusu hivi, yaani kama miaka 219, zinakuwa siku nzima.